Jua tunalo, kinachopungua ni damu: sahani ya mjamzito Ngara na Biharamulo

Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo. Kwa wiki kadhaa jina la wilaya hiyo lilisikika kwenye taarifa za habari za ndani na nje ya nchi, mpaka Machi 13 Serikali ilipotangaza kuwa mlipuko umekwisha. Waliohesabiwa kuugua walikuwa kumi, wawili wakithibitishwa kwa vipimo na wanane wakidhaniwa. Wote walifariki.

Ugonjwa ule ulistahili kushtua watu. Lakini lipo tatizo jingine hapa kwetu ambalo halitangazwi na mtu, halina siku ya kuanza wala siku ya kwisha, na kila mwaka linawagusa wanawake wengi kuliko mlipuko wowote. Ni upungufu wa damu kwa wajawazito. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikuta wajawazito 57 kati ya kila 100 wana upungufu wa damu. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulikuta wanawake 42 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu huo, wawe wajawazito au la. Kwa maneno mengine, ukikaa kwenye benchi la kliniki siku ya wajawazito, yule aliye kushoto kwako na yule aliye kulia, mmoja wao huenda damu yake haitoshi.

Makala hii inajibu maswali mawili ambayo wasikilizaji wa Ngara na Biharamulo huuliza tukizungumzia lishe ya mjamzito. La kwanza: je, mjamzito wa huku anahitaji kununua vidonge vya vitamini D, kama tunavyosikia kwenye simu? La pili: kwa nini mama anakula ndizi na maharage kila siku, shamba limejaa, halafu kliniki anaambiwa damu yake iko chini?

Jibu kwa ufupi ni hili. Vitamini D kwa wengi wetu inatoka juani, na jua tunalo. Kinachopungua ni madini ya chuma, na hata yale tunayokula mengi hayafiki kwenye damu. Fedha kidogo iliyopo nyumbani ipelekwe kwenye chuma kwanza.

Vitamini D inatoka wapi

Vitamini D huusaidia mwili kutumia kalisi inayojenga mifupa. Mtoto akiikosa kwa muda mrefu anaweza kupata matege, mifupa ikawa laini na miguu ikapinda. Kwa hiyo si kitu cha kupuuza.

Tofauti yake na vitamini nyingine ni kwamba mwili wenyewe unaitengeneza. Mwanga wa jua ukipiga ngozi, ngozi inaanza kuitengeneza, kisha ini na figo zinaimalizia kazi. Chakula chenye vitamini D ni kichache: samaki wenye mafuta, dagaa, kiini cha yai na maini. Ndizi, muhogo, mahindi na maharage hayana.

Sasa huo ushauri wa kumeza vidonge unatoka wapi? Mwingi umeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Uingereza, kwa mfano, wajawazito wanashauriwa kumeza maikrogramu 10 za vitamini D kila siku kuanzia Septemba hadi Machi. Sababu iko wazi. Kipindi hicho jua la kule ni hafifu mno kuwezesha ngozi kuitengeneza, na watu wanatembea wamejifunika makoti mpaka shingoni. Ngara na Biharamulo ziko karibu digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua letu lina nguvu mwaka mzima, masika na kiangazi, na mwanamke anayelima, kuchota maji na kuanika maharage uani analipata akiwa kwenye kazi zake za kila siku.

Hili limepimwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe, watu wenye ngozi nyeusi kama yetu wanaoshinda nje. Wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Wataalamu wengi huanza kusema mtu ana upungufu akiwa chini ya 50. Wale watu walikuwa na zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho bila kumeza kidonge.

Utafiti mwingine ulifanyika Dar es Salaam kwa wajawazito 2,300 wanaoishi na virusi vya ukimwi. Nusu walipewa yuniti 3,000 za vitamini D kila siku, nusu walipewa kidonge kisicho na dawa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: vidonge havikupunguza vifo vya akina mama wala kuendelea kwa ugonjwa, havikupunguza watoto kuzaliwa wadogo kuliko umri wa mimba, na havikupunguza udumavu mtoto alipofikisha mwaka mmoja.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halipendekezi kila mjamzito apewe vitamini D. Linasema jua ndicho chanzo kikuu, na kwamba mjamzito anayedhaniwa kuwa na upungufu anaweza kupewa kiasi kidogo, yuniti 200 kwa siku.

Wapo wanaohitaji kuangaliwa zaidi: mama aliyelazwa au aliyeambiwa apumzike ndani kwa miezi mingi, anayefanya kazi ndani kutwa nzima, au anayefunika mwili wote kila atokapo. Huyo azungumze na mhudumu wa kliniki, na kama hakuna katazo la daktari, akae uani juani mikono na miguu ikiwa wazi. Anayelima hana haja ya kutafuta jua la ziada.

Chuma kinafanya kazi gani

Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kinachobeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda mwili mzima. Kitu hicho hakitengenezwi bila chuma. Kliniki wanakipima kwa jina la HB, yaani wekundu wa damu. Mjamzito akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, ana upungufu wa damu. Akiwa chini ya 7, huo ni upungufu mkali, na hapo si suala la mchicha tena. Ni suala la hospitali.

Wakati wa ujauzito mwili wa mama unaongeza damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Mtoto naye anachukua chuma cha kutengeneza damu yake na cha akiba ya miezi yake ya kwanza duniani. Ukijumlisha yote, mimba moja inahitaji takribani gramu moja nzima ya chuma. Inaonekana ndogo kama punje, lakini ni kubwa kuliko akiba ambayo wanawake wengi wanayo mimba inapoanza. Kama mimba iliyopita ilikuwa mwaka jana, ghala bado halijajaa na mkopo mwingine umeshachukuliwa.

Hatari yenyewe inakuja siku ya kujifungua. Kila mama hupoteza damu kiasi. Mwenye damu ya kutosha anastahimili, lakini aliyeingia chumba cha kujifungulia na HB ya 6, damu ile ile aliyopoteza jirani yake na kupona inaweza kumuua yeye. Utafiti mkubwa uliofanyika Pakistan, Nigeria, Zambia na hapa Tanzania, ambao ulichapishwa mwaka 2023, ulifuatilia zaidi ya wanawake 10,000 waliofika kujifungua wakiwa na upungufu wa damu wa wastani au mkali. Katika wenye upungufu wa wastani, 6 kati ya 100 walivuja damu kupita kiasi. Katika wenye upungufu mkali walikuwa 11 kati ya 100. Na hao wenye upungufu mkali, uwezekano wao wa kufa au kunusurika kifo ulikuwa kama mara saba ya wenzao.

Tanzania imepiga hatua. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na 104 katika utafiti wa 2022. Kuvuja damu bado ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vinavyobaki, na kwa mama anayeishi mbali na benki ya damu, HB yake ndiyo akiba anayotembea nayo. Kutoka kijiji cha ndani ya Biharamulo mpaka hospitali ya wilaya, au kutoka milima ya Ngara mpaka Murgwanza, Rulenge au Nyamiaga, safari ya bodaboda usiku wa mvua si fupi.

Kwa nini shamba limejaa na damu ni chache

Mgeni akifika Kagera anashangaa kijani kila upande. Hata hivyo utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto 34 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Kagera wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Miaka sita hivi kabla ya hapo Kagera ilikuwa karibu 42. Tumeshuka, ila bado tuko juu ya wastani. Shibe ipo na lishe haitoshi.

Sababu ya kwanza ni aina ya chakula. Ndizi na ugali wa muhogo vinajaza tumbo na kutoa nguvu, lakini chuma chake ni kidogo sana. Maharage yana chuma kingi. Tatizo ni kwamba chuma cha maharage, mchicha, kisamvu na nafaka ni kigumu kuchukuliwa na mwili. Kimefungwa na vitu vilivyomo kwenye mbegu na majani yenyewe, na sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka. Chuma cha nyama, maini, samaki na dagaa kinachukuliwa kwa urahisi zaidi, na uzuri wake ni kwamba kinasaidia hata kile cha maharage kuchukuliwa. Kwa hiyo kijiko cha dagaa juu ya maharage kina faida kuliko wingi wake unavyoonyesha.

Sababu ya pili iko kwenye kikombe. Chai ya rangi na kahawa vina vitu vinavyokamata chuma tumboni kabla mwili haujakichukua. Huku kwetu kahawa ni zao, na chai ni heshima ya mgeni. Lakini mama anayekula maharage na kushushia kwa chai ya moto pale pale anapunguza sana chuma alichokula. Maziwa pia, ingawa ni chakula kizuri, yakinywewa pamoja na mlo wa chuma yanazuia kwa kiasi fulani. Hakuna haja ya kuacha. Sogeza muda tu: chai, kahawa na maziwa viwe saa moja au mbili kabla au baada ya mlo.

Sababu ya tatu haiko jikoni kabisa. Ni malaria. Vimelea vya malaria vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mwaka 2022 vipimo kwa watoto wadogo vilikuta malaria kwa watoto 8 kati ya 100 nchi nzima, na Kagera ilikuwa 18 kati ya 100, miongoni mwa mikoa ya juu kabisa. Mama anayeumwa malaria mara mbili ndani ya ujauzito anaweza kula vizuri kila siku na damu ikashuka. Minyoo nayo, hasa safura inayoingia kupitia nyayo za miguu, inanyonya damu kidogo kidogo kwa miezi.

Ndiyo maana mama akiambiwa tu "kale vizuri" anakuwa ameambiwa nusu ya habari. Chandarua anachopewa kliniki hudhurio la kwanza, vidonge vya SP kila mwezi kuanzia mimba ikipita miezi mitatu, dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu hiyo, na viatu shambani, vyote hivyo ni sehemu ya lishe ya damu.

Sababu ya nne ni sokoni. Tangu mwaka 2011 Tanzania ina kanuni zinazotaka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubisho, chuma kikiwemo. Ni hatua nzuri kwa anayenunua unga wa pakiti. Sisi tunasaga mahindi yetu na muhogo wetu kwenye mashine ya kijiji, na unga huo mara nyingi hauongezwi kitu. Aliye mjini anapata chuma bila kujua. Aliye kijijini inabidi akitafute.

Vidonge vinavyobaki juu ya kabati

Hata mlo mzuri peke yake mara nyingi hautoshi wakati wa ujauzito. Ndiyo sababu kliniki wanatoa vidonge vya kuongeza damu, ambavyo wengi tunaviita FEFO, vyenye chuma na asidi ya foliki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma na maikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku katika ujauzito wote, na kuendelea wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua sehemu zenye tatizo kama letu.

Katika utafiti wa 2015-16, ni wanawake 21 tu kati ya 100 waliosema walimeza vidonge hivyo kwa siku 90 au zaidi katika ujauzito wao wa mwisho. Sababu zinafahamika. Mara nyingine zahanati imeishiwa. Mara nyingine mama ameanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita. Na mara nyingi vidonge vipo nyumbani, vimekaa juu ya kabati kwa sababu vinaleta kichefuchefu, vinafunga choo, na choo kinakuwa cheusi.

Choo cheusi hakina madhara. Ni chuma kilichobaki kinachotoka. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku baada ya chakula, wakati wa kwenda kulala. Kufunga choo kunasaidiwa na maji ya kutosha, papai na mboga za majani. Mezea maji, au juisi ya limao au chungwa, wala usimezee chai. Kama bado kinakusumbua, usikiache kimya kimya. Mwambie nesi, kwa sababu kuna namna ya kupunguza kipimo bila kuacha kabisa.

Ipo hofu nyingine isemwayo chini chini: kwamba vidonge vinamfanya mtoto awe mkubwa mno na kujifungua kuwe kwa kisu. Kwenye vijiji vya magharibi mwa Kenya, upande wa pili wa ziwa letu, sehemu yenye malaria kama kwetu, wajawazito 470 walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Waliopewa chuma walizaa watoto waliozidi wenzao kwa wastani wa gramu 150. Huo ni uzito wa maji yasiyojaza kikombe cha chai. Haufanyi mtoto kuwa jitu, ila kwa mtoto ambaye angezaliwa mdogo ni kinga ya kweli.

Utafiti huo huo, na mwingine wa wajawazito 1,500 wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka huo huo, ulijibu pia hofu ya wataalamu kwamba chuma kingeongeza malaria. Hakikuongeza. Kwa hiyo mama anayelala ndani ya chandarua na kumeza SP kwa ratiba hana sababu ya kuogopa FEFO.

Jambo moja la kuangalia: asidi ya foliki ya dozi kubwa, miligramu 5, inadhoofisha SP. Ile iliyomo kwenye FEFO ni ndogo na haina shida hiyo. Ukinunua dawa duka la dawa, onyesha kadi yako ya kliniki na uulize.

Sahani inaweza kubadilika bila fedha nyingi

Mama mjamzito hahitaji chakula cha kizungu. Tuchukue kile kile kilichopo.

Ndizi na maharage: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, ndipo upike. Kulowekwa kunapunguza vile vitu vinavyofunga chuma, na kunaokoa kuni. Wakati wa kula, tia kijiko au viwili vya dagaa waliosagwa. Mwenye jino bovu au asiyependa harufu ya dagaa anaweza kuwasaga wakawa unga na kuutia kwenye mchuzi wa nyanya.

Mboga za majani: mchicha, matembele, majani ya maboga na kisamvu vyote ni vizuri. Usizichemshe mpaka zikapoteza rangi kisha ukamwaga maji. Mboga laini zipikwe kwa muda mfupi na kukamuliwa limao mezani. Kisamvu ni tofauti: lazima kitwangwe na kupikwa vya kutosha ili sumu yake itoke, kwa hiyo limao lake litiwe mwishoni.

Tunda pamoja na mlo: vitamini C ndiyo inayofungua chuma cha maharage na mboga. Pera, chungwa, papai, embe, nanasi, hata nyanya mbichi. Lile pera linaloliwa na watoto njiani, mama alile pale pale anapokula maharage.

Uji: wa mtama au ulezi uliochachushwa unaachia chuma vizuri kuliko usiochachushwa.

Mayai, kuku, nyama na samaki: kila vinapopatikana. Maini kiasi kidogo mara moja kwa wiki yanatosha. Yakizidi yana vitamini A nyingi mno kwa mimba changa. Zipo familia ambazo mjamzito bado anakatazwa mayai au sehemu nzuri ya nyama. Yai haliharibu mimba. Anayelikatazwa ndiye anayelihitaji kuliko wote mezani.

Maji mekundu ya choya na ya matembele yanapendwa kama dawa ya damu. Kunywa si vibaya, na choya ina uchachu unaosaidia. Lakini rangi nyekundu haimaanishi chuma, na mwenye HB ya chini hapaswi kuacha vidonge kwa ajili ya glasi hiyo. Na udongo unaouzwa sokoni, ambao wajawazito wengi huutamani, mara nyingi hamu yake ni dalili ya damu kupungua. Kuula hakuongezi damu, na kunaweza kuzuia chuma na kuleta minyoo. Ukijikuta unautamani, usione aibu. Kapime.

Baba naye ana sehemu yake. Mkungu wa ndizi, gunia la maharage na trei la mayai vikiuzwa vyote, fedha inarudi kama vocha na nusu kilo ya sukari. Kuku wawili watatu wa mayai wabaki wa mama mpaka ajifungue, na siku ya gulio kilo ya dagaa iwe ya kwanza kwenye orodha.

Maharage ya upande wa pili wa Rusumo

Majirani zetu wa Rwanda wanakula maharage kama sisi. Kuanzia mwaka 2010 walianza kupata mbegu za maharage zilizozalishwa kwa njia ya kawaida ya kuchagua na kuchanganya ili ziwe na chuma kingi. Kule Huye wanafunzi wa kike 195 wenye akiba ndogo ya chuma walilishwa maharage kwa siku 128, kundi moja maharage ya kawaida na jingine yale mapya. Waliokula yale mapya walipata ongezeko kubwa zaidi la wekundu wa damu na akiba ya chuma. Hawakuwa wajawazito, na hilo ndilo la kujifunza: ghala la chuma linajazwa msichana akiwa shuleni, kabla mimba haijaja.

Kagera tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku, na kila kata inapaswa kuwa na afisa ugani. Swali la kumuuliza kabla ya msimu wa kupanda ni rahisi: mbegu ya maharage yenye chuma kingi iliyoidhinishwa hapa nchini inapatikana wapi, na lini?

Maswali ya kupeleka kwenye mkutano wa kijiji

Mwezi Septemba 2022 wakuu wa mikoa wote walisaini mikataba ya lishe mbele ya Rais, ya kutekelezwa hadi mwaka 2030. Halmashauri pia zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa shughuli za lishe. Na kila robo mwaka kijiji kinatakiwa kufanya Siku ya Afya na Lishe. Hizi ni ahadi zenye tarakimu, na mwananchi ana haki ya kuzifuatilia.

Kwenye mkutano wa kijiji au kwa mwakilishi wako kwenye kamati ya zahanati, uliza haya. FEFO zimekosekana miezi mingapi mwaka huu? Kipimo cha HB kipo na kinafanya kazi, au wajawazito wanaangaliwa kope na viganja tu? Siku ya Afya na Lishe ya kijiji chetu ilifanyika lini mara ya mwisho? Fedha za lishe za halmashauri zilizotengwa ni kiasi gani, na zilizotoka ni kiasi gani? Huduma kwa mjamzito ni bure kwa sera ya nchi. Bure isiyo na dawa kwenye rafu haimsaidii mtu.

Kwa mama anayesoma hapa akiwa na mimba changa: nenda kliniki kabla ya wiki ya 12, usisubiri tumbo lionekane. Omba kupimwa HB, uulize ni ngapi, na uhakikishe imeandikwa kwenye kadi. Rudia kupima mimba inapokua. Ukiona kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, kuishiwa pumzi kwa kutembea kidogo, au viganja na ndani ya kope kupauka, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, na mtu wa kukusindikiza ajue hospitali yenye damu iko wapi na usafiri utatoka kwa nani.